Aliyenyimwa ukimbizi na ana makovu ya mateso: tuanzie mahakama gani Arusha?

Msaidizi_Kaloleni: Wakuu, heshima mbele. Mwombaji hifadhi amekataliwa na Kamati ya serikali inayopima maombi ya ukimbizi. Barua ina mistari miwili, haielezi sababu. Mgongoni ana makovu ya mateso. Wapo wanaosema twende Mahakama ya Afrika kwa kuwa iko hapa hapa mjini. Tuanzie wapi?

Wakili_Moshi: Mahakama ya Afrika iondoe kwenye hesabu. Tanzania ilijitoa kwenye tamko la kuruhusu mtu binafsi kuishtaki pale, na tangu tarehe 22 Novemba 2020 mlango huo umefungwa.

Anza kwa Waziri wa Mambo ya Ndani, umwombe aangalie upya uamuzi huo. Ukimruka, Wakili wa Serikali ataleta pingamizi kwamba hukumaliza njia zilizopo. Akikataa, nenda Mahakama Kuu hapo Arusha kuomba mapitio, yaani jaji akague jinsi uamuzi ulivyofikiwa. Kwa kanuni za mapitio za 2014 (Tangazo la Serikali, GN 324), unaomba kwanza kibali cha kufungua maombi, ndani ya miezi 6 tangu uamuzi. Ukikipata, maombi yenyewe yaingie ndani ya siku 14. Hapo ndipo wengi wanakwama, maana wanaanza kuandaa nyaraka baada ya kibali. Ziwe tayari mapema.

Halafu omba waziwazi kwamba kibali kisimamishe utekelezaji. Jaji asipoelekeza hivyo, mtu anaweza kuondoshwa nchini shauri likiwa bado mezani.

Jaji hataamua kama huyu ni mkimbizi. Ataangalia kama alisikilizwa, kama sheria ilifuatwa, kama sababu zilitolewa. Barua hiyo ya mistari miwili ndiyo hoja yenu kubwa, iambatanisheni na Ibara ya 13(6)(a) ya Katiba, inayotoa haki ya kusikilizwa. Kwa mateso tumieni 13(6)(e), inayokataza mateso, kwa sababu Tanzania haijaridhia Mkataba wa Umoja wa Mataifa Dhidi ya Mateso.

Daktari_Machame: Naongezea upande wa hospitali. Cheti kinachosema "ana makovu mgongoni" hakimsaidii kabisa. Mwombeni daktari afuate Itifaki ya Istanbul, mwongozo wa Umoja wa Mataifa wa kuchunguza na kuandika mateso: kila kovu lipimwe, lichorwe kwenye ramani ya mwili, lipigwe picha pembeni ya rula, kisha aseme linaendana kwa kiwango gani na maelezo ya mgonjwa. Kovu la kuchomwa sigara, kwa mfano, mara nyingi ni la mviringo, milimita 5 hadi 10, na kingo zake zimekoza rangi. Aandike pia usingizi, jinamizi na hofu. Na aseme wazi kwamba kukosa kovu si ushahidi kuwa mtu hakuteswa.

Ripoti hiyo iende kwa Waziri, msiiweke akiba.

Wakili_Moshi: Sahihi kabisa, daktari. Jaji wa mapitio hupima kilichokuwa mbele ya mwamuzi, ushahidi mpya ni vigumu kupenya.

Karani_Sakina: Angalieni kiapo, yaani maelezo ya maandishi ya kuapa yanayoambatana na maombi. Kikikosa mahali na tarehe ya kuapishwa, kinatupwa. Kama mwapaji hajui lugha iliyotumika, kiandikwe kwamba alisomewa na kutafsiriwa, na mkalimani atajwe. Hoja za kisheria na maombi visiwemo, humo ni matukio tu.

Msaidizi_Kaloleni: Asanteni sana. Na Mahakama ya Afrika Mashariki je?

Wakili_Moshi: Hiyo inawezekana, na haidai umalize mahakama za ndani. Ila Ibara ya 30(2) ya Mkataba wa Jumuiya ya Afrika Mashariki inatoa miezi 2 tu tangu uamuzi au tangu ulipoufahamu, na haiongezwi. Usisubiri Mahakama Kuu imalize, utakuta muda umekwisha. Madai yaandikwe kama uvunjaji wa Mkataba wa Jumuiya, Ibara za 6(d) na 7(2) zinazohusu utawala bora na utawala wa sheria, si kama kesi ya haki za binadamu peke yake. Bahasha ya barua msiitupe, na andikeni juu yake tarehe mliyoipokea.