Kujaribu ushauri wa afya nikiwa ninatumia dawa ya presha

Mama wa Kayole
Hamjambo. Nina umri wa miaka 52, na kwa miaka 3 nimekuwa nikimeza losartan kwa sababu ya shinikizo la damu. Wenzangu katika chama wamenishauri nile kitunguu saumu kibichi kila asubuhi, ninywe maji ya rosela, na badala ya chumvi ya kawaida nitumie ile ya potasiamu. Nimeshavinunua vyote. Nianzeje bila kujidhuru?

Mwalimu, Umoja
Dada, usianze vyote siku moja. Mwaka jana nilianza siki, tangawizi na kufunga hadi adhuhuri kwa pamoja, na tumbo lilipoanza kuniwaka sikuweza kujua kilichoniunguza ni kipi. Sasa mimi hujaribu kitu kimoja kwa wiki 2, na kabla ya hapo hupima presha siku 7, asubuhi na jioni, baada ya kuketi nimetulia dakika 5, nyayo zikiwa sakafuni na mkono ukilingana na moyo, kisha huandika daftarini. Bila namba za awali utalinganisha na nini?

Mfamasia, Eastleigh
Mama, chumvi ya potasiamu iweke kando kabisa hadi umwone daktari. Losartan hupunguza uwezo wa figo wa kutoa potasiamu, kwa hiyo ukiiongeza kwenye chakula inaweza kurundikana katika damu hadi ikavuruga mapigo ya moyo, na mara nyingi hakuna dalili ya mapema. Afadhali upunguze ya kawaida. Shirika la Afya Duniani linashauri mtu mzima atumie chini ya gramu 5 kwa siku. Kitunguu saumu cha kuungia mboga hakina neno, ila kingi kibichi, na hasa vidonge vyake, huweza kuchelewesha damu kuganda, jambo la hatari kwa anayetumia aspirini au anayengojea upasuaji. Rosela hushusha presha kidogo. Ukipata kizunguzungu unaposimama, iache na upime. Losartan usiiache kwa uamuzi wako, hata namba zikipendeza.

Mama wa Kayole
Asanteni sana. Chumvi ya potasiamu nimeiondoa jikoni, na Alhamisi nitaipeleka kliniki pamoja na daftari. Je, kipimo cha presha kinachofungwa kwenye kifundo cha mkono kinatosha?

Mfamasia, Eastleigh
Chagua cha mkono wa juu, na mkanda wake ulingane na unene wa mkono wako, kwa maana mkanda mdogo huonyesha presha ya juu kuliko ilivyo.