Photoshop CS6 kwenye skrini ya 4K: vitufe vimekuwa kama chembe za ufuta

MamaKadi_Tanga
Wadau, hamjambo? Nisaidieni kabla macho hayajanitoka. Natengeneza kadi za harusi na picha za pasipoti hapa Tanga. Photoshop yangu, programu ya kurekebisha picha, ni CS6, ile ya 2012, nilinunua diski na namba yake. Hizi za kulipia kila mwezi siziwezi. Harusi zina msimu wake, na Ramadhani ikiingia mimi nakaa naangalia ukuta.

Laptopu yangu ya zamani imekufa, ilikuwa na skrini ya pikseli (vile vinukta vya picha) 1366 kwa 768. Mwanangu kaniletea mtumba mzuri, inchi 15.6 vilevile, Windows 10, ila skrini ni 3840 kwa 2160, hiyo wanayoiita 4K. Picha zinang'aa, sikatai. Lakini nikifungua Photoshop, menyu ni kama yale maandishi ya karatasi ya ndani ya boksi la dawa. Juzi natafuta brashi, nikashika kifutio bila kujua, nikala nusu ya kilemba cha bwana harusi.

Programu nyingine zote zinaonekana vizuri, ni hii tu. Nimeingia Preferences, Interface, nikaweka UI Font Size kwenye Large, nikafunga nikafungua. Maandishi ya kwenye paneli yamenenepa kidogo, vitufe viko palepale. Fundi mmoja wa hapa mjini kanijibu neno moja tu: "Nunua mpya." Hakuna njia nyingine?

kijana_wa_mabango
Shikamoo mama. Mimi nilishusha rezolusheni ya skrini nzima. Bofya kulia kwenye desktopu, Display settings, weka 1920 kwa 1080, ile asilimia ya kukuza irudishe 100 au 125. Ni nusu kamili ya skrini yako kila upande. Maisha yanaendelea.

Na kilemba, Ctrl+Z ya CS6 inarudi hatua moja tu. Bonyeza Ctrl+Alt+Z, inarudi hatua nyingi.

BitiNaBati
Shikamoo mama. Ya kijana inafanya kazi, ila ni kuzima taa za nyumba nzima kwa sababu ya balbu moja.

Shida ni hii. CS6 inaiambia Windows, "Niache, nitajipima mwenyewe." Windows inaiacha. Kumbe vitufe vyake vimechorwa kwa idadi ya pikseli isiyobadilika. Skrini yako ya zamani ilikuwa na pikseli kama 100 kwa inchi, hii ina 282. Kwa hiyo kitufe kimebaki karibu theluthi ya upana wake wa zamani. Wenye Mac walipata marekebisho ya CS6 Desemba 2012. Sisi wa Windows tuliachwa mpaka 2014, na hayo yakaja kwenye toleo la kulipia kila mwezi.

Dawa ni kuiambia Windows isiisikilize. Funga Photoshop. Ingia Program Files, Adobe, folda ya CS6, tafuta Photoshop.exe. Bofya kulia, Properties, Compatibility, kisha Change high DPI settings. Weka tiki kwenye Override high DPI scaling behavior, na hapo chini yake chagua System. OK, OK, fungua.

Asilimia ya kukuza ya Windows yako ikiwa 250, CS6 itajiona iko kwenye skrini ya 1536 kwa 864, karibu sawa na laptopu yako ya zamani. Utaona mambo yamelainika kidogo, pamoja na picha yenyewe, kwa sababu Windows inaivuta yote kwa pamoja. Faili halibadiliki hata pikseli moja. Ila usiamini tena ukali wa picha unaouona ukiikuza kwa asilimia 100 ndani ya Photoshop, hiyo si pikseli kwa pikseli.

MamaKadi_Tanga
Marahaba wanangu. Nimefuata yote, nimeangalia tiki mara mbili, tiki ipo. Ufuta ni uleule.

BitiNaBati
Mama, angalia vizuri. Kwenye Windows ya biti 64, CS6 hujiweka mara mbili: ya biti 32 na ya biti 64, kila moja na folda yake. Huenda umetia tiki moja na unafungua nyingine. Bofya kulia aikoni unayoitumia kila siku, chagua Open file location, utie tiki kwenye hiyo itakayokuja.

MamaKadi_Tanga
Ndiyo hiyo hiyo! Nilikuwa nafungua ya 32 miaka yote hii, wala sikujua kuna mwenzake. Sasa naona brashi bila kuvaa miwani miwili.

Ulaini nimeuona. Kwa pasipoti haunisumbui. Kwa kadi zenye majina ya maandishi membamba ya dhahabu, naprinti karatasi moja kwanza, na hivyo ndivyo nilivyokuwa nikifanya hata zamani. Niliijaribu na ya kijana, lakini WhatsApp na kila kitu vikafifia, nikarudisha.

Kijana, ile Ctrl+Alt+Z imenifikia nimeshasevu na kufunga. Kilemba nimekichora upya usiku. Bibi harusi hajagundua, mama mkwe ndiye kauliza mbona kimekuwa kirefu.