Mke wangu hataki tuingie duka la keki za Kifaransa tukiwa likizo, nimshawishije?

Baba Wawili: Habari zenu wakuu. Tupo likizo, mimi, mke na watoto wawili. Karibu na tulipofikia kuna duka la keki za Kifaransa, asubuhi harufu ya siagi inatufuata mpaka dirishani. Watoto wanalilia kuingia, mama yao amekataa katakata. Siku zinayoyoma na hatuongei vizuri. Nimshawishije bila ugomvi? Matusi hapana.

Nyundo Butu: Kwani kichwa cha familia ni nani mkuu?

Bi Zamu: Hapo si keki. Kuna kitu umemfanyia. Sisi hatununii mkate.

Fundi Tanuri: Niliwahi kufanya zamu za usiku kwenye jiko la namna hiyo. Watu wanaiona kroasanti, ile ya siagi yenye umbo la mwezi mwandamo, wanadhani mkate tu. Siagi inafungiwa ndani ya unga, unakunja mara tatu, kila mara kwa tatu, unapata matabaka 27 ya siagi. Jiko likishika joto siagi inayeyuka, kazi yote bure. Mpishi mkuu alikuwa anakata moja katikati kila alfajiri; asipoyaona matundu anayoyataka, trei nzima haiendi mbele. Tulikuwa tunazila sisi. Nilinenepa enzi hizo, acheni.

Msomi wa Mtaa: Na asili yake wala si Ufaransa. Ni August Zang, mtu wa Vienna, Austria, aliyefungua duka la mikate Paris mwishoni mwa miaka ya 1830.

Nyundo Butu: Nani kauliza historia?

Dada Makini: Mleta mada, mkeo anatoa sababu gani? Hujasema.

Baba Wawili: Wasiwasi wake tu wa afya.

Dada Makini: Afya ya nani? Usituzungushe.

Baba Wawili: Haya. Mdogo ana mzio wa lozi na korosho. Mwaka jana alivimba midomo kidogo, tukampa dawa ya maji, ikaisha. Ila mimi simpi cha lozi, nampa kroasanti tupu! Halafu nimeshaagiza keki ya siku yake ya kuzaliwa, nusu nimelipa, nikahakikishiwa haina lozi. Mama yake hajui bado.

Bi Zamu: Si nilisema?

Fundi Tanuri: Aah, hapo nabadilika. Vile vibiskuti vya rangirangi, "macaron", ni unga wa lozi. Kroasanti za lozi tulizitengeneza kwa zilizolala jana: unazilowesha shira, unapaka krimu ya lozi, zinarudi tanurini. Ule unga unapeperuka, unatua mezani na kwenye trei, na koleo ni lile lile kabati zima. Hiyo "tupu" yako haipo. Aliyekuhakikishia ni mwokaji?

Baba Wawili: Dada wa kaunta. Ila alijibu kwa kujiamini.

Dada Makini: Wangu anao mzio huo. Kuvimba kidogo mara ya kwanza hakukuhakikishii ya pili. Koo likibana, dawa ya maji haitoshi, ni sindano ya adrenalini na hospitali hapo hapo. Mnayo? Na uombe orodha ya vizio, yaani vyakula vinavyoleta mzio. Nchi za Umoja wa Ulaya tangu Desemba 2014 muuzaji analazimika kutaja vizio 14, hata kwa vitu visivyofungwa kwenye pakiti.

Baba Wawili: Sindano tuliiacha nyumbani, mizigo ilikuwa mingi. Lakini duka safi sana jamani, wanavaa glavu.

Nyundo Butu: Glavu hizo hizo ndizo zinashika lozi mkuu 😂

Mpekuzi: Mnapoteza muda. Huyu kwenye uzi wa magari alisema hajaoa na watoto hawataki. Hii chai.

Nyundo Butu: Na keki ipo! Leteni vikombe.

Baba Wawili: Ule niliandika kwa niaba ya rafiki.

Mpekuzi: Na huu je?

Bi Zamu: Labda rafiki ndiye aliyelipa nusu.

Fundi Tanuri: Iwe chai isiwe chai, keki za oda zinaanza usiku. Piga simu sasa hivi, omba kuongea na mwokaji mwenyewe.

Baba Wawili: Nimepiga. Anasema krimu ya ndani ina lozi, kaunta hawakumwambia. Wife ametokea bafuni anauliza naongea na nani.

Mpekuzi: Msimulizi mzuri. Sehemu ya pili lini?