Altrasaundi au MRI kwa uvimbe wa viungo: nichague kipimo kipi?

Kigoda: Wanajukwaa, salamu. Daktari anashuku kuwa nina baridi yabisi, na ameniachia nichague kati ya altrasaundi na MRI (picha zinazopigwa kwa sumaku kali) wiki hii. Eksirei nimekwisha kupiga, haikuonyesha kitu. Naomba ushauri wa waliopitia.

Mama Rehani: Ndugu, hujasema ni viungo gani vinavyouma, tangu lini, wala majibu ya damu. Eksirei safi isikutulize, kwani huonyesha mfupa uliokwisha kulika, ilhali mwanzoni utando wa kiungo huweza kuvimba na mfupa ukawa bado mzima.

Fundo: Mimi ni wa altrasaundi siku zote. Dopla, yaani sehemu ya mashine inayofuata mwendo wa damu, ikiwashwa, damu inayojaa kwenye utando uliovimba huonekana kwa rangi papo hapo.

Msafiri: Umesifia mashine, ukamsahau mpimaji. Mimi nilipimwa na kijana aliyekandamiza kifaa juu ya kiungo cha kidole cha shahada hadi nikauma meno. Skrini ikabaki kijivu kitupu, nikaandikiwa kwamba sina uvimbe, nikarudi nyumbani na vidole vilivyoshindwa kila asubuhi kufunga kifungo cha shati. Miezi minne baadaye mpimaji mwingine alimimina jeli nyingi, akakigusisha kifaa tu, na wekundu ukajaa pale pale. Ndipo nilipoelezwa kwamba kukandamiza hubana vimishipa hata Dopla isione damu.

Fundo: Hilo ni kosa la mtu, si la kipimo.

Msafiri: Kwa mgonjwa ni yale yale.

Mama Rehani: MRI huonyesha pia majimaji ndani ya uboho, ambayo altrasaundi haiyaoni, na ambayo mara nyingi hutangulia kulika kwa mfupa. Ila utalala bila kutikisika, na huenda ukadungwa gadolini, dawa ya kuing'arisha picha. Mwenye figo dhaifu aseme mapema.

Jabali: Utafiti wa Norwe uliochapishwa mwaka 2016 ulionyesha kwamba kuongoza matibabu kwa altrasaundi hakukuwapa wagonjwa matokeo bora kuliko uchunguzi wa kawaida wa daktari.

Mama Rehani: Hao walikuwa wamekwisha kutambuliwa ugonjwa. Mwenzetu bado anautafuta.

Kigoda: Ni vifundo vya mikono yote miwili, yapata wiki kumi. Majibu ya damu sijayafuata. Nilisahau kusema kwamba nimepandikizwa kifaa cha kurekebisha mapigo ya moyo.

Mama Rehani: Ndugu yangu, hiyo ndiyo ingekuwa sentensi ya kwanza! Unayo kadi yake? Vingine huruhusiwa kwenye MRI kwa masharti, vingine havikuidhinishwa kwa kipimo hicho.

Fundo: Nilisema altrasaundi.

Msafiri: Basi umwombe mpimaji asikandamize.