Nafasi tano za vijana Coastal Union: makinda wa miaka 17 au waliokomaa wa miaka 20?

Mgosi wa Chumbageni

Tuseme benchi la ufundi la Coastal Union yetu ya Tanga limeacha nafasi tano za vijana kwenye usajili, na fedha ya kuwalea ipo kwa misimu mitatu. Tuchukue nani? Natangulia na msimamo wangu ili mpate pa kupiga: wote watano wawe na miaka 16 au 17. Beki tatu (beki wa kushoto) mwenye mguu wa kushoto, namba sita (viungo wakabaji) wawili, winga mmoja, namba tisa (mshambuliaji wa kati) mmoja. Golikipa hapana.

Coastal si timu ya kununua aliyeiva. Kijana wa miaka 20 anayetamba Championship (ligi ya daraja la pili nchini), Azam na Kariakoo (Simba na Yanga) wameshamfikia kabla sisi hatujapata namba ya baba yake. Sisi tunaishi kwa kuibua. Bakari Mwamnyeto alitoka kwetu kwenda Yanga 2020. Abdul Suleiman “Sopu” aliifunga Yanga mabao matatu kwenye fainali ya Kombe la Shirikisho pale Arusha, Julai 2022, mechi ikaisha 3-3, tukatolewa kwa penalti, na jezi haijakauka jasho akawa mchezaji wa Azam. Hao ndio mtaji wetu. Swali ni tunaupanda lini.

Mzee wa Jukwaa la Mzunguko

Unapanda, sawa, lakini utavuna ukiwa daraja gani? Msimu wa 2023/24 tulimaliza wa nne. Tulifika huko na watu wazima: golini Ley Matampi, Mkongo, kipa bora wa ligi msimu ule. Tukapata nafasi ya Kombe la Shirikisho Afrika, hata kama Bravos do Maquis wa Angola walitutoa mapema. Msimu huohuo Mtibwa Sugar, ambao nchi nzima inawasifu kwa kulea vijana, walishuka daraja. Wamerudi baadaye, nawapa hongera, lakini sifa ya kulea haikuwapa pointi hata moja kwenye msimamo.

Ligi ya timu 16 ni mechi 30. Mtoto wa miaka 17 ukimweka beki ya kati ugenini Lindi au Mwanza, anakula mabao matatu, na hizo pointi hazirudi. Mimi nasema wanne wawe na miaka 19 hadi 21, wawe wameshacheza hata msimu mmoja wa Championship. Kinda mmoja tu, wa kulea.

Mwalimu wa U-20

Shikamoo mzee. Hoja ya pointi naiheshimu, ila “miaka 20” ya Championship umeipima kwa nini? Vijeba, yaani waliopunguza umri, wamejaa kila kona. Unamsajili wa 20, anacheza kama mtu wa 25 kwa sababu ni wa 25 kweli, na baada ya misimu miwili magoti yamekwisha huku karatasi inasema ana 22.

Umri unaanza kukaguliwa kwenye karatasi, na karatasi moja haitoshi. Kwenye cheti cha kuzaliwa angalia tarehe kilipotolewa, usitazame ile ya kuzaliwa peke yake. Cheti kilichotolewa wiki mbili kabla ya majaribio si ushahidi wa wizi, watu wengi hukata cheti wakiwa wakubwa, lakini ni sababu ya kuuliza zaidi. Kisha nenda shule ya msingi aliyosoma: namba ya PREM (namba ya mwanafunzi kwenye mfumo wa shule), mwaka alioanza darasa la kwanza, na waliokaa naye dawati moja wako wapi sasa. Kama wenzake wa darasa la saba wana watoto wawili, umeshapata jibu.

Picha ya MRI ya kifundo cha mkono wa kushoto, ile ambayo FIFA walianza kuitumia kwenye mashindano ya U-17 mwaka 2009, inaangalia kama gegedu la ukuaji kwenye mfupa limefunga kabisa. Likiwa limefunga, karibu hakika amevuka 17. Lakini inasaidia hapo tu. Kijana anayesema ana 20, gegedu lake huenda limefunga hata kama hadanganyi, kwa hiyo kipimo hakikwambii kama ni 20 au 26. Ndiyo maana kinda wa 16 anakaguliwa vizuri zaidi kuliko huyo wako wa Championship, mzee.

Halafu majaribio yetu yenyewe. Wanakuja vijana 200 kwa siku mbili, wanagawiwa vizibao, wanacheza kumi na moja kwa kumi na moja dakika 20. Winga wa kulia anagusa mpira mara nne, mara tatu kati ya hizo anapiga chenga za kuonekana kwa sababu hajui kama atapata wa tano. Anayechaguliwa ni mrefu na mwenye mbio, yaani aliyewahi kubalehe. Wavulana wengi hurefuka kwa kasi zaidi kwenye miaka 13 na 14. Aliyechelewa kidogo anaonekana dhaifu leo, na keshokutwa amemfikia mwenzake.

Fanya hivi. Chukua 24 kwa asubuhi moja. Viwanja vitatu vya mita 30 kwa 20, magoli madogo, wanne kwa wanne, dakika nne za mchezo na mbili za kupumzika. Kila mchezo ukiisha unachanganya timu upya, asicheze na rafiki yake mara mbili mfululizo. Timu ikishinda, kila mchezaji wake anaandikiwa pointi tatu kwa jina lake, sare moja. Baada ya michezo minane au tisa utaona jambo la ajabu: kuna mtoto hapigi chenga hata moja, hana mbio, lakini kila timu anayotiwa inashinda. Huyo ndiye namba sita wako. Kwenye ile kumi na moja kwa kumi na moja usingemjua hata jina.

Dada wa Ngamiani

Mwalimu umemaliza la majaribio. Mimi nina neno na Mgosi kuhusu nafasi.

Beki tatu wa mashoto nakubali, hata awe mmoja nchi nzima tumfuate. Ukimweka wa mguu wa kulia upande ule, kila akipanda lazima arudishe mpira ndani ili apige kwa mguu wake, winga mpinzani anamsubiri palepale. Krosi inachelewa sekunde moja, na namba tisa wako ameshatoka nje ya eneo lake.

Namba sita wawili ni wengi, isipokuwa mmoja wao awe anaweza kucheza nafasi nyingine. Mtazame Novatus Dismas: alitoka Azam akaenda Israel, akapita Zulte Waregem ya Ubelgiji, 2023 akafika Shakhtar Donetsk na kucheza Ligi ya Mabingwa Ulaya. Kule kiungo huyo alipangwa pia beki tatu. Kocha wa ugenini akiwa na pengo, anayetoka benchi kwanza ni wa namna hiyo.

Na golikipa kwa nini hapana? Aishi Manula alikulia Azam akawa kipa wa Taifa Stars.

Mgosi wa Chumbageni

Dada, golikipa nimemkataa kwa hesabu. Nafasi ni moja uwanjani, na kipa wa kwanza akiwa mzima haitoki msimu mzima. Kinda wa 17 atakaa kipa wa tatu miaka mitatu akidaka mazoezini tu. Akipatikana, apelekwe kwa mkopo siku hiyohiyo anayosaini.

Mzee wa Jukwaa la Mzunguko

Na Clement Mzize mbona hamumtaji? Yanga walimpandisha 2022 kutoka timu ya vijana, wageni wamejaa, na bado alipenya. Kijana aliyeiva hazuiwi na mtu.

Mwalimu wa U-20

Mzize ni mmoja, mzee. Hesabu waliobaki kwenye kile kikosi cha vijana.

Wakili wa Mikataba

Mnabishana umri kama suala la uwanjani tu. Umri ndio unaoamua nani atalipwa.

Kanuni za FIFA zina mifuko miwili. Wa kwanza ni fidia ya malezi. Mchezaji akisaini mkataba wake wa kwanza wa kulipwa nje ya nchi, au akihamishwa nje kabla ya kwisha mwaka anaotimiza miaka 23, klabu iliyomlea kati ya miaka 12 na 21 inadai. Kiwango kinafuata daraja la klabu inayomchukua (daraja la gharama za malezi, si la ligi): Ulaya daraja la tatu ni euro 30,000 kwa kila mwaka wa malezi, daraja la pili 60,000. Misimu minne chini yenu, kutoka 17 hadi 20, akaenda moja kwa moja klabu ya daraja la tatu, ni euro 120,000. Akienda klabu ya daraja la nne, hampati kitu. Huyo wa mzee anayekuja na miaka 20 ana mwaka mmoja au miwili tu ya kuhesabiwa kwenu. Iliyobaki si yenu.

Mfuko wa pili ni mchango wa mshikamano: asilimia 5 ya ada ya uhamisho wa kimataifa inagawiwa kwa klabu alizopitia kuanzia miaka 12 hadi 23. Msimu mmoja wa miaka 12 hadi 15 unachukua asilimia 5 ya fungu hilo, wa 16 hadi 23 asilimia 10. Akiuzwa dola 200,000, fungu ni 10,000. Misimu yenu minne ni dola 4,000. Si nyingi, lakini unalipwa kila anapouzwa, hata awe na miaka 30.

Sasa mtego ambao klabu za mikoani huingia. Mkimuuza Yanga au Simba akiwa na miaka 20, na Yanga wakamuuza Ulaya akiwa na 22, fidia ya malezi kwa uhamisho huo wanadai Yanga peke yao, kwa miaka waliyokaa naye. Ninyi mnabaki na mshikamano tu. Kwa hiyo mkataba wa kumuuza Kariakoo lazima uwe na asilimia ya mauzo yajayo, iandikwe 15 au 20, ya ada yote au ya faida, maana hayo ni mambo mawili tofauti. Wakisema “tutaelewana mbele ya safari”, msisaini.

Na mkumbuke sakata la Lameck Lawi, beki wa Coastal, 2024: Simba walimtangaza, Coastal wakapinga kuhusu masharti ya malipo. Tarehe ya kulipa, kiasi, na nini kinatokea siku ikipita, viandikwe kwa herufi zinazosomeka.

Dada wa Ngamiani

Na mkataba wa mtoto wa 17 ni wa miaka mingapi, wakili?

Wakili wa Mikataba

Chini ya miaka 18 FIFA wanatambua usiozidi miaka mitatu, na mzazi au mlezi asaini. Juu ya hapo hadi mitano. Kosa la kawaida ni kumsainisha mitatu akiwa na 17 kisha kumsahau. Akiingia miezi sita ya mwisho ana ruhusa ya kusaini awali na klabu nyingine, na akiwa na 20 anaondoka bila ada. Akitimiza 18 tu, mwiteni, muongezeeni mshahara kweli, mwandikeni upya.

Halafu asajiliwe kwenye mfumo wa TFF tangu siku ya kwanza, hata akiwa ridhaa. Fedha zote hizo zinafuata pasipoti ya mchezaji, yaani rekodi ya klabu alizosajiliwa, si ile ya kusafiria. Mwaka ambao hayupo kwenye mfumo, kwa FIFA hamkumlea.

Mgosi wa Chumbageni

Na wa ng'ambo ya Horohoro, mpakani na Kenya? Kwale na Lungalunga kuna watoto wanajua mpira kuliko hawa wetu.

Wakili wa Mikataba

Chini ya 18 uhamisho wa nchi hadi nchi umefungwa. Kelvin John mwenyewe alisubiri atimize 18 ndipo Genk wamsaini, 2021. Msamaha wa wanaoishi mpakani upo, lakini nyumba na klabu zote ziwe ndani ya kilomita 50 kutoka mpakani, mashirikisho yote mawili yaridhie, na mtoto aendelee kulala kwao. Nani atamleta uwanjani kwetu Mkwakwani kila alasiri na kumrudisha usiku?

Mzee wa Jukwaa la Mzunguko

Wakili umenisogeza kidogo. Watatu makinda, wawili waliokomaa. Lakini hao makinda watacheza wapi? Mtoto wa kukaa jukwaani na suti ya mazoezi hakui.

Mwalimu wa U-20

Mkopo Championship, kwa maandishi. Mkopo hauvuki mwaka mmoja, unaweza kuongezwa. Weka lengo la dakika 1,500 kwa msimu, na kifungu cha kumrudisha dirisha dogo (usajili wa katikati ya msimu) kama hajafika hata 500. Bila kifungu hicho, timu ya mkopo inamweka benchi na kuwachezesha wa kwake, na huna la kusema.

Kingine kinachowaangusha ni chakula. Kinda wa kilo 60 anayefanya mazoezi kwa nguvu anahitaji protini gramu 90 na zaidi kidogo kwa siku. Ni mayai mawili asubuhi, nusu lita ya maziwa, bakuli la maharage, na samaki gramu 200. Sisi tunawapa chai na chapati, mchana ugali na mboga, halafu Februari misuli ya paja inachanika tunasema ana bahati mbaya.

Mzee wa Jukwaa la Mzunguko

Gramu 200 kwa watano ni kilo moja ya samaki kwa siku. Hiyo hata kwa mchango wa jukwaa letu inatoka Deep Sea kila asubuhi, maziwa ndiyo usiseme, mji huu hauna shida nayo. Basi lishe nimekubali. Ila beki tatu wangu awe na miaka 20, na namba ya PREM nitakwenda kuikagua mwenyewe.