Michezo gani ya kuandika programu inafaa tamasha la wanafunzi?

Swali: Ndugu zangu, kamati yetu ya wanafunzi inaandaa tamasha la teknolojia, na tungependa michezo ya kuandika programu ambayo haitawaachia ushindi wale wale waliozoea kushindana. Tuchague ipi?

Jibu la 1: Anzeni na mchezo wa skrini iliyozimwa: mshiriki anasoma swali, kisha skrini inazimwa naye anaandika programu bila kuona hata herufi moja, wala haruhusiwi kuijaribu hadi muda uishe. Akisahau kufunga mabano, basi tena. Swali liwe jepesi, kwa mfano kutafuta namba kubwa kuliko zote katika orodha. Watazamaji hufurahi zaidi projekta inapowaonyesha kile ambacho mwandishi mwenyewe hakioni.

Jibu la 2: Naunga mkono, ila msiyaache mashindano ya timu. Katika ICPC, mashindano ya kimataifa ya kuandika programu kwa wanafunzi wa vyuo vikuu, wanafunzi 3 hutumia kompyuta 1 kwa saa 5, na kila swali linapotatuliwa timu hupewa puto la rangi ya swali hilo, hivyo ukumbi mzima unaona nani anaongoza. Nyinyi fupisheni muda, lakini maputo yabaki.

Mwulizaji: Ahsanteni sana. Je, washiriki wajichagulie lugha ya kuandikia programu?

Jibu la 1: Naam, isipokuwa katika mchezo wa programu fupi kuliko zote, ambapo herufi ndizo zinazohesabiwa, hapo anayetumia lugha ya Python, ambayo huhitaji herufi chache, humtangulia wa Java kabla hata ya kuanza, kwa hiyo kila lugha iwe na mshindi wake.