Spana za IST: gumzo la majirani

Mama Neema: Habari za jioni majirani. Nataka spana za kushughulikia gari langu, Toyota IST, hapa nyumbani: betri, plagi, oili, matairi. Kariakoo nimeonyeshwa boksi la vipande 46 na la vipande 108, bei zinakaribiana. Nichukue lipi?

Fundi Shabani: Nzuri mama. Anza na saizi za nati za gari, kwa milimita. Vichwa vya betri ni 10, bolti za koili (zinazopeleka umeme kwenye plagi) 10, plagi 16, nati ya kumwagia oili 14, nati za matairi 21. Kwingine utakutana na 8, 12, 17 na 19.

Baba Zuhura: Lile la 46 ni la robo inchi, yaani ncha ya racheti (mpini wa kuzungushia soketi) ni nyembamba, na soketi zinaishia 14. Racheti yake ukiilazimisha kwenye nati ya oili, meno ya ndani yanakatika. La 108 wanajazia vichwa vya bisibisi ili namba ipendeze.

Mama Neema: Kwa hiyo yote hayafai?

Fundi Shabani: La 46 linatosha kwa nati ndogo. Liwe limeandikwa CR-V (chuma cha kromu na vanadi), ila maandishi peke yake si dhamana, mtu yeyote anaweza kuyagonga. Chungulia ndani ya soketi ya 10: iwe na pembe 6. Ya pembe 12 hushika karibu na kona, nati yenye kutu inaliwa. Halafu nunua spana za mkono 8 hadi 19, ringi upande mmoja, mdomo wazi upande wa pili. Fungua kwa ringi, ikishalegea ndiyo utumie mdomo.

Asha: Spana malaya moja, ile ya kurekebisha mdomo, si inamaliza yote? (Samahani wazee, ndilo jina lake 🙈)

Fundi Shabani: 😂 Hiyo peleka kwenye mabomba. Taya lake linacheza, litakula kona za nati.

Baba Zuhura: Kwa matairi chukua mtaimbo (mpini mrefu wa soketi) wa nusu inchi wenye urefu wa nusu mita, na soketi ya 21. Legeza nati tairi likiwa bado chini, ndipo upige jeki. Kukaza ni kwa mpangilio wa msalaba, nati moja kisha inayotazamana nayo, kwa nguvu ya Nm 103 (newton-mita).

Asha: Na plagi?

Fundi Shabani: Soketi ndefu ya 16 yenye raba ndani, na ekstensheni ya inchi 6 maana plagi zimezama. Injini iwe imepoa. Kurudisha, zungusha ekstensheni kwa vidole bila racheti. Ikigoma, toa uanze upya. Kichwa cha silinda ni alumini: plagi ikiingia mshazari inakata nyuzi, na gharama yake inazidi hizo spana zote.

Mama Neema: Sanduku liwe la chuma au plastiki?

Baba Zuhura: La chuma lenye trei 5 ni zuri, ila likijaa hulibebi, na unyevu wa Dar unalila. Plastiki ya inchi 19 inatosha, yenye bawaba za pini ya chuma. Mtaimbo hautaingia, uache kwenye buti. Soketi ya 10 nunua mbili, hiyo hupotea kuliko zote.

Fundi Shabani: Na stendi mbili za jeki, tani 2. Hizo zitangulie kabla ya sanduku. Usiingie chini ya gari lililoshikwa na jeki peke yake.

Mama Neema: Muuzaji akikataa nisifungue boksi?

Fundi Shabani: Muage, vuka uende Gerezani.